Hans Chiari: Daktari Aliyejifunza kwa Wafu kwa Faida ya Watoto Wasiozaliwa

Na Mwandishi Wetu

Katika hospitali zinazotoa huduma za upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, mtoto mchanga mwenye mgongo wazi akipokelewa, madaktari humchunguza sehemu mbili. Ya kwanza ni mgongoni, penye uvimbe au kidonda kinachoonekana kwa macho. Ya pili ni kisogoni, pale fuvu linapokutana na shingo, mahali ambapo macho hayafiki. Huko ndani, kwa karibu watoto wote waliozaliwa na mgongo wazi wa aina iliyo kali, sehemu ya chini ya ubongo huwa imeshuka na kuingia katika njia ya uti wa mgongo. Hitilafu hiyo hubeba jina la mtu aliyefariki dunia zaidi ya miaka 100 iliyopita: Hans Chiari.

Chiari hakuwa daktari wa upasuaji wala wa watoto, na kazi yake haikuwa kutibu wagonjwa. Alikuwa mtaalamu wa patholojia, yaani elimu ya mabadiliko yanayoletwa na maradhi mwilini, na wale aliowachunguza walimfikia wakiwa tayari wamefariki. Pamoja na hayo, maandishi yake ya mwaka 1891 na 1896 ndiyo yaliyoweka msingi wa huduma ambayo leo inaokoa maisha ya watoto wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki.

Mtoto wa tabibu wa Vienna

Hans Chiari alizaliwa tarehe 4 Septemba 1851 katika jiji la Vienna, makao makuu ya Dola ya Austria. Baba yake, Johann Baptist Chiari, alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Miaka hiyo wodi za wazazi za Vienna zilikuwa katika mjadala mkali. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alikuwa amebaini kuwa wanawake wengi walikufa kwa homa ya uzazi kwa sababu madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha bila kusafisha mikono ipasavyo. Aliagiza wanawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini, na vifo vikapungua mno. Wakubwa wengi wa taaluma hawakukubali ushahidi huo kwa miaka mingi.

Johann Chiari hakuishi kuyaona mabadiliko hayo yakikubalika. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1854, Hans akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Pamoja na msiba huo, watoto wake wawili walifuata nyayo zake. Ottokar, aliyezaliwa mwaka 1853, alikuja kuwa bingwa wa magonjwa ya pua na koo. Hans alichagua chumba kilekile cha uchunguzi wa maiti ambacho Semmelweis alikuwa ameonesha hatari yake, na humo akatafuta maarifa ya kuwasaidia walio hai.

Shule ya Rokitansky

Chiari alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna na kuhitimu mwaka 1875. Alipata bahati ya kufanya kazi chini ya Carl von Rokitansky, mmoja wa waasisi wakubwa wa patholojia duniani, ambaye anakumbukwa kwa kuchunguza maiti zaidi ya 30,000 katika maisha yake ya kazi. Rokitansky alipostaafu mwaka 1875, Chiari aliendelea kuwa msaidizi wa mrithi wake, Richard Heschl.

Falsafa ya shule hiyo ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kutekeleza. Daktari wa wodini aliandika namna mgonjwa alivyougua: homa, maumivu, degedege au kupooza. Mgonjwa akifariki, mtaalamu wa patholojia aliufungua mwili na kutazama kilichobadilika ndani. Kisha maelezo hayo mawili yaliwekwa pamoja, na baada ya miili kumi, mia au elfu, ugonjwa uliokuwa na dalili zisizoeleweka ulianza kuonekana kuwa na mahali pake maalumu mwilini.

Ni vyema msomaji akumbuke kwamba wakati huo hakukuwa na njia nyingine ya kutazama ndani ya kichwa cha binadamu. Mionzi ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na kipimo cha MRI kilianza kutumika hospitalini miaka ya 1980. Kwa kizazi cha Chiari, maiti ilikuwa kitabu pekee kilichoweza kusomwa.

Muda mfupi tu baada ya kuhitimu, kijana huyo alieleza saratani ya nadra ya mfuko wa uzazi inayotokana na mabaki ya ujauzito. Mwaka 1878 alipata kibali cha kufundisha chuo kikuu, na miaka minne baadaye akaitwa Prague.

Profesa wa Prague

Chiari alifika Prague mwaka 1882, wakati chuo kikuu cha kale cha jiji hilo kilipogawanywa kuwa vyuo viwili, kimoja cha lugha ya Kijerumani na kingine cha Kicheki. Yeye aliajiriwa katika chuo cha Kijerumani, na mwaka 1883 akawa profesa kamili wa patholojia. Hapo aliishi na kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20.

Kazi ya profesa wa patholojia haikuwa ya fahari. Ilimaanisha kusimama kwa saa nyingi mbele ya meza ya maiti, kupima, kuchora, kuandika, kuhifadhi viungo kwa ajili ya makumbusho ya chuo na kufundisha wanafunzi namna ya kushika kisu bila kuharibu ushahidi. Mwaka 1894 Chiari alichapisha kitabu cha mwongozo kuhusu namna ya kufanya uchunguzi wa maiti, jambo linaloonesha uzito alioupa utaratibu.

Utaratibu huo ndio uliomwezesha kuona jambo ambalo wengi walilipita.

Makala ya mwaka 1891

Ili kuelewa alichokiona Chiari, inafaa kueleza kwanza umbile la sehemu yenyewe. Fuvu la binadamu ni kama bakuli lililofunikwa, na chini ya bakuli hilo kuna tundu kubwa. Kupitia tundu hilo, shina la ubongo huendelea kuwa ugwe wa mgongo, yaani kamba ya mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti wa mgongo. Juu kidogo ya tundu hilo, upande wa kisogoni, hukaa ubongo mdogo, ambao huratibu mwendo na kumwezesha mtu kusimama bila kuyumba. Katika shina la ubongo kuna vituo vinavyoongoza kupumua, kumeza na mapigo ya moyo. Maji safi ya ubongo nayo hupita hapo, yakitoka kichwani kwenda mgongoni na kurudi.

Kwa mtu mwenye umbile la kawaida, ubongo mdogo hubaki juu ya tundu. Chiari alikuwa akichunguza maiti za watu waliokuwa na kichwa kikubwa, hali inayotokea pale maji ya ubongo yanapojikusanya kupita kiasi. Katika baadhi yao aligundua kwamba ubongo mdogo umeteremka, ukapita katika tundu na kuingia shingoni. Mwaka 1891 alichapisha taarifa yake katika jarida la tiba la Ujerumani, akizigawa hitilafu hizo katika aina tatu.

Aina ya kwanza aliieleza kwa mfano wa msichana wa miaka 17 aliyefariki kwa homa ya matumbo. Msichana huyo alikuwa na maji mengi kichwani, na ncha za chini za ubongo wake mdogo zilikuwa zimeshuka hadi shingoni kama ndimi mbili nyembamba. La kushangaza ni kwamba katika uhai wake hakuonesha dalili zozote zilizohusishwa na hitilafu hiyo. Aliishi nayo bila kujua, na kama homa isingemchukua, huenda asingeijua kamwe.

Aina ya pili ilikuwa nzito zaidi. Hapa si ncha tu zilizoshuka, bali sehemu kubwa zaidi ya ubongo mdogo pamoja na shina la ubongo. Aina hii Chiari aliikuta kwa watoto wenye mgongo wazi. Aina ya tatu, ambayo ni nadra sana, ilihusu mtoto mchanga ambaye mfupa wa shingo ulikuwa wazi, na ubongo mdogo ukawa umetokeza nje katika kifuko kisogoni.

Mwaka 1896 Chiari alitoa kazi ndefu zaidi kupitia Chuo cha Sayansi cha Kifalme cha Vienna. Aliongeza mifano mingi, akaboresha maelezo ya aina zilizotangulia na kutaja aina ya nne, ambayo ubongo mdogo haukukua vya kutosha tangu tumboni. Kwa mgawanyo huo, madaktari wa nchi mbalimbali walipata lugha moja ya kuzungumzia jambo ambalo hapo awali kila mmoja alilieleza kwa namna yake.

Majina ya wagonjwa hao hayamo katika vitabu vya tiba, lakini sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu hitilafu hii ilianza na miili yao. Msichana wa homa ya matumbo anakumbukwa kwa umri wake na kwa ugonjwa uliomuua tu.

Jina lililobaki, dhana iliyorekebishwa

Chiari hakuwa mtu wa kwanza kabisa kuona hitilafu ya namna hii. Mwaka 1883 John Cleland, mtaalamu wa anatomia kutoka Uskoti, alikuwa ameeleza mabadiliko ya ubongo wa nyuma kwa mtoto mwenye mgongo wazi. Mwaka 1894 Julius Arnold wa Heidelberg, Ujerumani, naye alichapisha taarifa ya mtoto mmoja. Katika kazi yake ya mwaka 1896, Chiari aliutambua mchango wa waliomtangulia.

Hata hivyo, majina ya kitaalamu hayafuati haki kila mara. Mwaka 1907 Schwalbe na Gredig, waliokuwa wanafunzi wa Arnold, walichapisha utafiti wao na kuunganisha jina la mwalimu wao na la Chiari. Kwa miaka mingi ulimwengu ukasema hitilafu ya Arnold na Chiari, hasa kwa aina ya pili, huku Cleland akisahaulika. Siku hizi wataalamu wengi hutumia jina la Chiari peke yake, kwa kuwa ndiye aliyekusanya mifano mingi na kuipanga.

Kuhusu chanzo, Chiari hakupatia moja kwa moja. Aliamini kwamba maji yaliyojaa kichwani ndiyo yanayousukuma ubongo mdogo kwenda chini. Wazo hilo lilikuwa na mantiki, kwa sababu maiti alizozichunguza zilikuwa na hali zote mbili kwa pamoja. Lakini baadaye walionekana watu wengi wenye aina ya kwanza wasio na maji mengi kichwani. Kwa wengi wao, tatizo ni kwamba sehemu ya nyuma ya fuvu ni ndogo kuliko kawaida, hivyo ubongo mdogo hukosa nafasi.

Kwa aina ya pili, maelezo yanayokubaliwa na wengi leo karibu yanageuza mpangilio wa Chiari. Mgongo wa mtoto aliye tumboni unapobaki wazi, maji ya ubongo huvuja kupitia uwazi huo. Maji yakikosekana ndani ya ubongo unaokua, sehemu ya nyuma ya fuvu haitanuki ipasavyo. Ubongo mdogo unapokua hukosa mahali, ukateremka, ukaziba njia ya maji, na ndipo maji yanapojaa kichwani. Kwa hiyo, kile ambacho Chiari alikiona kuwa chanzo, kwa watoto wengi ni matokeo.

Kosa hilo halikuiangusha kazi yake. Chiari alitenganisha kile alichokiona na kile alichokidhani. Vipimo na maelezo yake vilibaki sahihi, na waliokuja baada yake walivitumia kuirekebisha dhana yake.

Ini, mishipa ya shingo na miaka ya mwisho

Itakuwa si haki kumkumbuka Chiari kwa ubongo pekee. Mwaka 1899 alieleza kwa kina ugonjwa wa kuziba kwa mishipa inayotoa damu kwenye ini, ambao daktari Mwingereza George Budd alikuwa ameugusia mwaka 1845. Ugonjwa huo huitwa kwa majina yao wawili hadi leo. Alikuwa pia miongoni mwa waliotoa hoja kwamba kongosho linaweza kujiyeyusha kwa vimeng'enyo vyake lenyewe, jambo linalosaidia kueleza ukali wa ugonjwa wa kongosho.

Mwaka 1905 alionesha kwamba mafuta na magamba yanayojijenga katika mishipa mikubwa ya damu ya shingoni yanaweza kugandisha damu, na vipande vya damu hiyo vikasafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kiharusi. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya tiba kuutumia ujuzi huo kikamilifu, ingawa sasa kupima mishipa ya shingo ni sehemu ya kawaida ya kumchunguza mgonjwa wa kiharusi.

Mwaka 1906 Chiari alihamia Strasbourg, jiji ambalo leo liko Ufaransa lakini wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani. Alichukua kiti cha Friedrich von Recklinghausen, mtaalamu mwingine mashuhuri ambaye naye alikuwa ameandika kuhusu mgongo wazi. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipozuka mwaka 1914, alikuwa bado kazini. Alifariki dunia Strasbourg tarehe 6 Mei 1916, akiwa na umri wa miaka 64.

Alipofariki, hakukuwa na mgonjwa aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa hitilafu aliyoieleza. Maarifa yake yalikuwa bado ya makumbusho na vitabu.

Kutoka meza ya maiti hadi chumba cha upasuaji

Miaka ya 1930 madaktari wa upasuaji walianza kujaribu. Mwaka 1932 J. van Houweninge Graftdijk wa Uholanzi alieleza jitihada za kupanua nafasi pale ubongo unapobanwa, na mwaka 1938 Wilder Penfield na Donald Coburn wa Montreal, Canada, walichapisha uzoefu wao. Matokeo ya mwanzo hayakuwa mazuri, lakini njia ilikuwa imefunguliwa.

Upasuaji unaofanyika sasa kwa aina ya kwanza unatumia wazo lilelile. Daktari huondoa kipande kidogo cha mfupa wa kisogoni, na mara nyingi sehemu ya nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo, ili ubongo mdogo upate nafasi na maji yapite. Si kila mwenye hitilafu hii huhitaji upasuaji. Wengi huishi nayo bila dalili, kama msichana aliyeelezwa na Chiari. Dalili zinazomtaka mtu amwone daktari ni maumivu ya kisogo yanayozidi anapokohoa, kupiga chafya au kujikamua, kuyumba anapotembea, ugumu wa kumeza, na ganzi mikononi. Wapo wanaoungua mikono jikoni bila kuhisi moto, kwa sababu maji yamejikusanya ndani ya ugwe wa mgongo na kuharibu mishipa inayopeleka hisia za maumivu na joto.

Kwa mtoto mchanga mwenye mgongo wazi, dalili za kuogopwa ni kichwa kuongezeka ukubwa kwa haraka, kukoroma au kutoa sauti kali anapovuta pumzi, kupaliwa kila anaponyonya, na pumzi kukatika kwa muda. Hizo ni ishara kwamba shina la ubongo linabanwa au maji yanazidi, na mtoto anapaswa kufikishwa hospitali bila kusubiri.

Tiba ya kwanza huwa kufunga uwazi wa mgongo mapema ili kuzuia maambukizi. Wengi huhitaji pia kupunguziwa maji kichwani, ama kwa kuwekewa mrija unaoyapeleka tumboni, ama kwa njia isiyohitaji mrija. Njia hiyo ya pili ina historia ya hapa jirani. Katika hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliunganisha mbinu mbili: kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Mbinu hiyo iliwafaa watoto wanaoishi mbali na hospitali, ambao mrija ukiziba huenda wasifike kwa wakati. Kutoka Mbale, mbinu hiyo imekwenda kutumika hata Marekani.

Mwaka 2011 utafiti uliofanyika Marekani ulionesha kwamba kufunga mgongo wa mtoto akiwa bado tumboni kunapunguza kushuka kwa ubongo wa nyuma. Miongoni mwa watoto waliofanyiwa hivyo, asilimia 40 walihitaji kuondolewa maji kichwani ndani ya mwaka wa kwanza, ikilinganishwa na asilimia 82 ya waliofungwa baada ya kuzaliwa. Upasuaji huo unahitaji hospitali chache zenye utaalamu wa hali ya juu na una hatari kwa mama, lakini ulithibitisha kwamba uwazi wa mgongo ndio unaouvuta ubongo chini.

Miaka 100 baada ya Chiari

Mwaka 1991, miaka 100 kamili baada ya makala ya kwanza ya Chiari, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake waliowahi kupata mtoto mwenye hitilafu ya ubongo au uti wa mgongo. Waliopewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba walipunguziwa hatari ya tatizo hilo kujirudia kwa asilimia 72. Kwa mara ya kwanza, hitilafu ambayo Chiari aliweza kuitazama tu mezani ilikuwa na kinga.

Ugumu uko katika muda. Mrija ambao baadaye huwa ubongo na ugwe wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Mama anayeanza kliniki akiwa na miezi mitatu au minne hupewa vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, navyo humsaidia yeye na mtoto kwa mambo mengine, lakini kwa mgongo wazi huwa vimechelewa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke anayepanga kupata ujauzito atumie mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kabla ya kushika mimba, na kuendelea katika miezi mitatu ya kwanza. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hili huhitaji kiwango kikubwa zaidi kwa maelekezo ya daktari.

Maharage, kunde, mbaazi, maini na mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu vina virutubishi hivyo, ingawa sehemu yake hupotea katika mapishi ya muda mrefu. Kwa sababu hiyo nchi nyingi zimeamua kuongeza asidi ya foliki katika unga. Tanzania iliweka kanuni za urutubishaji wa vyakula mwaka 2011, unga wa ngano ukiwa miongoni mwa vyakula vilivyohusishwa. Mwezi Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuongeza kasi katika eneo hilo. Changamoto inayobaki ni familia zinazosaga mahindi katika mashine ndogo za vijijini, ambako unga wa sembe au dona hutoka bila kirutubishi cha ziada.

Kwa watoto ambao tayari wamezaliwa na tatizo, huduma zipo nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa vituo vinavyowahudumia watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Kinachoharibu matokeo mara nyingi ni kuchelewa. Wapo wazazi wanaoambiwa kuwa mtoto amerogwa, na wapo akina mama wanaolaumiwa au kuachwa peke yao na mzigo wa malezi. Miezi inayopotea katika lawama hizo ndiyo miezi ambayo maji yanaendelea kuubana ubongo wa mtoto.

Dhidi ya imani hizo, maisha ya Hans Chiari yana hoja nzito. Zaidi ya karne moja iliyopita, katika chumba cha uchunguzi wa maiti mjini Prague, ilidhihirika kwamba kichwa kikubwa na mgongo wazi vina mahali pake mwilini, panapoweza kupimwa, kuchorwa na kuelezwa. Si laana wala kosa la mama. Kila tarehe 25 Oktoba dunia huadhimisha siku ya watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa, na elimu inayotolewa siku hiyo ni ileile kwa kila kaya: mwanamke aanze asidi ya foliki kabla ya mimba, na mtoto afikishwe hospitali siku tatizo linapoonekana.